Upande wa Shavu

9 Februari

Kaka,

Nakusalimu, na umsalimie Mama kabla hujaendelea kusoma, maana najua unasoma ukiwa umesimama mlangoni na ukimaliza unasahau. Mama mdogo anawasalimu. Mguu wake umepona na sasa anapanda ngazi mwenyewe, ila anasema ngazi zimeongezeka tangu augue. Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanijua, nakauka. Wiki iliyopita uliponipigia nilikuwa na mambo mengi ya kusema, nikaishia kukwambia "nipo" mara nne.

Nimepata kazi, karibu na hapa kwa Mama mdogo. Ni karakana ya kuvisha vitu nakshi kwa maji. Kuna hodhi la chuma, kubwa kama kitanda, lenye maji ya uvuguvugu. Juu ya maji unatandaza karatasi iliyochapwa nakshi, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Dakika moja tu inalainika, unaipulizia dawa, inayeyuka, na wino unabaki ukielea kama utando wa maziwa. Hapo unazamisha kitu chako polepole, na nakshi inakipanda yenyewe, kila kona na kila tundu. Kofia ya pikipiki inaingia nyeusi, inatoka ngozi ya chui. Juzi tulivisha plastiki za ndani ya gari zikawa kama mbao. Ukizigonga tu ndiyo unajua umedanganywa.

Mwenye karakana tunamwita Fundi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Hata simu akiipokea husema "taratibu" kabla ya "haloo". Anayenifundisha kuandaa vitu ni mama mmoja wa makamo, anaitwa Mama Msasa, na mikono yake kweli ni msasa. Siku ya kwanza alinitazama akamwuliza Fundi, "Huyu anaongea, au tumchovye kwanza?"

Wawindaji pia huleta vitako vya bunduki, vya mti na vya plastiki. Nilipoona cha kwanza nilitoka nje kidogo. Walidhani ni harufu ya dawa.

Bunduki ya Baba iko wapi siku hizi? Nataka kujua tu iko wapi.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Mama nimemsalimia kabla ya kusoma, basi usianze ugomvi. Anasema ule vizuri na usikae na nywele mbichi. Paa la jikoni tumelirudishia. Mimi ndiye niliyepanda na mimi ndiye niliyeanguka, lakini niliangukia kwenye magunia, kwa hiyo walioumia ni magunia. Nimefurahi umepata kazi. Mama amewaambia majirani wote kwamba unafanya kazi ya maji. Sasa wanadhani unafunga mabomba, na hatujawasahihisha.

Bunduki iko kwa msimamizi wa mashamba, kwenye kabati lake la chuma. Kibali kimeshaandikwa kwa jina langu. Tangu Januari nalinda kwa makopo na kombeo, na nyani wananiona kama mpangaji mwenzao. Msimamizi amesema wazi: mahindi yakianza kubeba, mlinzi ni mwenye bunduki, na kama si mimi atamtafuta mwingine. Unajua nyumba hii inasimama juu ya kazi hiyo, kama ilivyosimama wakati wa Baba.

Ila kazi yako imenipa wazo. Nimekifungua kitako, mtutu nimeuacha kabatini, na kitako nakutumia kwa basi pamoja na barua hii. Kivishe nakshi ya majani, chote, kila upande. Nyani wa huku wameshaijua bunduki ya Baba kwa rangi yake. Wakati wake walikuwa wakiiona kwa mbali wanakimbia mapema, akiwapa kisogo wanarudi. Ikiwa na majani hawataiona.

Fanya upesi ukiweza.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie nywele nazikausha. Mama mdogo ameanza kushona tena. Mashine inalia kama mtoto anayeachishwa ziwa, lakini amefurahi.

Kifurushi kilifika siku ya nne. Nilikifungua stoo, peke yangu.

Upande wa kushoto, pale Baba alipokuwa akiegemeza shavu, kile kibonde kipo. Nilikuwa sijawahi kukiona kwa karibu hivi. Kidole gumba changu kinaenea humo chote. Mti wa pale ni mweusi na unang'aa kuliko kwingine. Unakumbuka alivyokuwa akijipaka mafuta usoni asubuhi, halafu yaliyobaki mkononi akaifutia bunduki? Na Mama akisema, "Mke mwenzangu keshapakwa, mimi je?"

Sasa nikueleze jambo la kazi. Kabla ya kuvisha nakshi, mti lazima usuguliwe mpaka mafuta yote yatoke, na vibonde vijazwe puti viwe sawa. Bila hivyo rangi ya msingi haishiki, na nakshi hukaa juu ya rangi ya msingi. Maana yake ukisema chote, kibonde kinaondoka.

Ninaweza kuvisha upande wa kulia, na chini, na kisogo chake, nikauacha huo mmoja. Fundi amesema inawezekana, unaziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi tu. Nyani watauona upande mmoja, basi wewe wageuzie ule mwingine.

Mama Msasa nilipomwambia habari ya nyani alicheka mpaka akaketi. Alisema, "Nyani hajui bunduki kwa rangi, anaijua kwa mlio. Muulize kaka yako anamficha nani."

Mimi sikuulizi hivyo. Ninakuomba tu. Wewe ulimwona Baba. Mimi nilikuwa kwenye mtihani, mkanificha msiba siku kumi na moja, nikarudi nikakuta udongo umeshakauka. Sisemi kwa lawama, nilishasema sitalaumu. Ila katika vitu vyake vyote, hiki tu ndicho kimebaki na umbo lake. Shati lake nikilishika linaanguka.

Naomba unijibu.

Mdogo wako

10 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini.

Nimekuomba kazi, sikukuomba ushauri. Chote, na upande huo kwanza. Mwambie Mama Msasa nyani wake na nyani wangu si ndugu.

Nisamehe kwa ufupi.

Kaka yako

4 Mei

Kaka,

Salamu kwenu. Hapa sisi wazima.

Kitako kimo ndani ya kifurushi hiki. Nimetumia majani makavu, yale yenye vijiti vidogo vidogo, kwa sababu yale ya kijani yanafaa kwa plastiki zaidi. Fundi Taratibu alinisimamia wakati wa kuzamisha. Unakiinamisha kidogo, unakishusha bila kusita, kwa sababu ukisita mkono, nakshi inakunjamana. Alisema "taratibu" mara moja tu, na Mama Msasa anasema hiyo ni shahada. Baadaye Fundi akawaambia wenzangu kwamba mkono wangu hautetemeki. Angeniona moyoni.

Hakuwepo nilipokuwa nikikiandaa. Mama Msasa pia siku hiyo alikuwa kliniki. Nilikiandaa peke yangu.

Usikiache juani, wala usikifute kwa kitambaa kibichi. Ukipitisha kidole upande wa kushoto utajua nilichofanya. Naomba usikasirike. Majani yamefunika kila mahali kama ulivyotaka, hakuna atakayeona.

Mdogo wako

27 Juni

Mdogo wangu,

Najua ulisubiri. Mama alikuwa na homa wiki mbili, sasa ameinuka na ameshaanza kukosoa ninavyofagia. Anakusalimu. Anauliza kwa nini huandiki kwake, nikamwambia unaandika kwetu sote.

Kitako kilipofika nilipitisha kidole, nikakuta kibonde chini ya majani. Nilikasirika, kisha nikasema basi, labda majani yatatosha. Hayakutosha.

Jumanne iliyopita jua lilikuwa kali na mimi nimelowa jasho. Nyani walikuwa wameingia upande wa bondeni. Nikaegemeza shavu, nikalenga juu ya miti kama Baba alivyokuwa akifanya, nikapiga. Nilipoinua kichwa nikasikia kitu kinabanduka. Ngozi nzima ya rangi, pana kama kiganja, imebaki shavuni kwangu. Kina mama waliokuwa wakipalilia waliangua kicheko. "Mlinzi kaota majani! Mmwagilieni huyo!" Nikacheka nao. Kisha nikatazama kitako, na pale chini mti ulikuwa vile vile, mweusi, unang'aa kama Baba kaupaka asubuhi hiyo hiyo.

Sasa nitakwambia, kwa sababu umenilazimisha, na kwa sababu nimechoka.

Asubuhi ile Baba aliniamsha. Alisema kifua kinambana, akaniomba niende badala yake mpaka mchana tu. Nikamwambia, "Tangulia Baba, nakuja." Nikageukia ukutani nikalala. Nilikwenda saa nane. Alikuwa ameketi kibandani kwenye kiti chake, bunduki katikati ya magoti, shavu limeegemea hapo hapo. Nilidhani amesinzia. Nikamtania. Nilisema, "Mzee, shamba linaliwa na wewe umelala na mke wa pili." Nikasimama pale nikicheka, nikingoja na yeye acheke.

Sijui nilingoja muda gani.

Mama hajui kwamba aliniomba. Na mimi ndiye niliyesema wewe ufichwe mpaka umalize mtihani. Nilisema ni kwa ajili ya masomo yako, na ilikuwa kweli. Lakini pia sikutaka uje unitazame.

Kila nikilenga, shavu langu linaingia mahali pa shavu lake. Pananienea. Watu husema tumefanana, na hapo ndipo nimejua ni kiasi gani. Juzi nyani wamevunja mistari mitatu mbele yangu na bunduki iko mikononi, sikuweza kuiinua. Msimamizi aliona. Amenipa wiki sita za kujirekebisha.

Nyani hawakuwa na habari ya rangi. Mama Msasa ana akili.

Kaka yako

5 Julai

Kaka,

Nimefurahi Mama amepona. Nitamwandikia ya kwake. Mama mdogo hajambo.

Barua yako nimeisoma chooni karakanani, ndiko kuna mlango unaofungwa. Mama Msasa aligonga mara mbili akiuliza kama nimezama.

Sikusugua. Nilifuta vumbi tu upande ule, nikapuliza rangi ya msingi juu ya mafuta yake, nikavisha. Nilijua haitashika. Mama Msasa alishanifundisha wiki ya kwanza kabisa: rangi haishiki juu ya mafuta, kama mchumba asivyoshika kwa binti anayejificha stoo. Nilijua na nikafanya. Nilitaka ibaki chini, hata kama haionekani. Nilijidanganya kwamba itadumu msimu mmoja, na wewe utazoea. Sikufikiria kwamba itabandukia usoni kwako mbele za watu. Kwa hilo nisamehe.

Kuhusu asubuhi ile, nimeandika kurasa mbili nikazichana. Nimekasirika, Kaka. Nikisema sijakasirika nitakuwa nakuvisha nakshi. Nimekasirika zaidi kwa zile siku kumi na moja kuliko kwa usingizi. Nilikuwa nikijibu swali la ramani siku mliyomzika, nimehesabu, na niliona fahari kwamba nimelipata.

Lakini halafu nakumbuka mara ngapi aliniita na mimi nikasema "nakuja" huku nimekaa. Mara nyingi sana. Wewe tofauti yako ni siku tu. Ulisema neno lile lile tulilozoea kulisema, na siku hiyo haikuwa kama nyingine, na hakuna aliyetuambia.

Sitamwambia Mama. Hilo ni lako.

Kirudishe kitako. Nitasugua mwenyewe.

Mdogo wako

23 Julai

Kaka,

Kimo humu. Msalimie Mama, barua yake nimeiweka chini ya kitambaa, usiisome.

Nilianza kwa kubandua majani yaliyobaki, yakatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Upande wa kulia, nilikosugua mara ya kwanza, yalikataa kutoka, ikabidi niyakwangue. Nikafuta kwa dawa ya kutoa mafuta, vitambaa vinne. Kisha msasa wa maji, mkali kwanza. Nilidhani ningeanza pembeni nisogee pole pole mpaka pale. Nikaona nikifanya hivyo sitafika. Nikaanza pale pale.

Mti ulipopata joto ulitoa harufu. Mafuta ya Baba, yale ya kopo la bluu. Yalikuwa yameingia ndani sana kuliko nilivyodhani, na kila nikisugua yanakuja mengine. Mama Msasa alinisimamia nyuma muda mrefu, hakunitania. Akasema, "Lete, mwanangu, nikumalizie." Nikasema hapana. Sauti ilitoka kubwa mpaka Fundi Taratibu akageuka kule kwenye hodhi. Sijawahi kusema neno kubwa namna ile mbele za watu. Wote wakaendelea na kazi zao.

Yaliyobaki ya kibonde niliyajaza puti. Ilipokauka nikasugua tena, nikaweka rula juu yake nikainua kwenye dirisha. Mwanga haukupita chini ya rula. Hivyo ndivyo tunavyojua pamekuwa sawa.

Maji ya kusugulia yalikuwa ya kahawia kwenye ndoo. Nilikaa nayo kidogo. Lakini kulikuwa na vitu vya watu vinangoja, na ndoo ni moja, nikayamwaga.

Nimevisha majani, na juu yake nimepuliza rangi angavu ya kulinda nakshi mara tatu. Hii haitabanduka. Uliniomba chote, nimefanya chote. Sikuacha mahali.

Ukishalenga mara ya kwanza, niandikie. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Mahindi yamekauka vizuri na bado hatujapoteza mengi. Mama amesoma barua yako mara nyingi, hajaniambia umeandika nini. Ameiweka mahali ambapo sipajui, na nyumba yenyewe unaijua ilivyo ndogo.

Kitako kilipofika sikukifunga kwenye mtutu. Nilikileta ndani nikakiweka juu ya meza, Mama akiwa anakunja nguo, nikamwambia yote. Nilivyoamshwa, nilivyojibu, saa niliyokwenda. Nilimwambia hata ule utani. Aliendelea kukunja. Shati moja alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Nilipomaliza akasema, "Nipe hicho."

Akakipakata. Akapitisha kidole gumba upande wa kushoto, juu na chini, akitafuta. Akakigeuza upande wa pili, kama mtu anayedhani amekosea upande, akatafuta na huko. Akarudi kushoto. Sikuweza kumwangalia, nikaangalia miguu ya meza.

Akauliza, "Hii ni kazi ya binti yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Amefanya vizuri." Akanirudishia. "Haya nenda, mahindi hayajilindi."

Hayo tu ndiyo aliyosema, siku ile na mpaka leo.

Uliniomba nikuandikie nikilenga. Nimelenga. Kitako ni laini na ni baridi, shavu halijui likae wapi, linateleza kama la mtu yeyote kwenye bunduki ya mtu yeyote. Nikapiga, nyani wakaondoka. Msimamizi ameridhika, kazi ni yangu. Ndivyo nilivyotaka, na sitakudanganya kwamba sikukitafuta kile kibonde. Nilikitafuta. Nakitafuta kila siku. Usijilaumu, niliomba mwenyewe na wewe ulinionya.

Kuna jambo moja jipya. Mama ameanza kuniamsha. Zamani ilikuwa kazi ya Baba, na baada yake nilikuwa nikiamka mwenyewe. Sasa kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu, ananiita mara moja tu, si kwa sauti kubwa. Halafu haondoki. Anabaki pale amesimama mpaka nikae kitandani, nivae, nimpite.

Sijui kama ni msamaha au ni kingine. Sijamuuliza. Akiniita, natoka.

Kaka yako